Pengo la Utafiti au Pengo la Utafutaji?

Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo, kamati za maktaba na wakutubi wetu

Waheshimiwa wakuu, ndugu wakutubi,

Nafundisha mbinu za utafiti katika idara ya chakula na lishe, na kwa desturi yetu muhula wa pili ndio wakati wa kupokea mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Bunda la mwaka huu lilikuwa mezani kwangu wiki nzima, na jana usiku nimelimaliza. Mada ni nzuri: dagaa wa mama lishe wa stendi, uji wa watoto wa kliniki, mboga za majani zinazosahaulika, togwa, chumvi kwenye chipsi mayai, sembe na dona. Lakini karibu kila pendekezo, ukurasa wa pili au wa tatu, lina sentensi moja inayorudi kama kiitikio cha ngoma: "Ni tafiti chache sana zilizofanyika kuhusu mada hii nchini mwetu."

Sentensi hiyo ina kazi yake. Wanafunzi wanaiita "pengo", na bila pengo msimamizi hapitishi pendekezo. Nimeisoma miaka mingi bila kuihoji. Siku hizi nimeanza kuifuatilia, pendekezo kwa pendekezo, na mara nyingi nakuta kwamba tafiti zipo, tena nyingine ni za vijijini kwetu kabisa. Mwanafunzi hakuzipata, basi akaandika kwamba hazipo. Anachokiita pengo la utafiti ni pengo la utafutaji. Na hilo hawezi kuliziba peke yake, kwa sababu funguo za milango mingi hazitolewi kwa mwanafunzi. Zinatolewa kwa chuo. Ndiyo maana barua hii inawajia ninyi.

Niwape kisa kimoja. Mwaka jana alinijia binti mmoja mzaliwa wa mkoa wa Mara. Alitaka kuandika kuhusu udaga wa bibi yake: jinsi muhogo mchungu unavyomenywa, unavyofunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu, unavyokwanguliwa, unavyoanikwa na kusagwa kuwa unga wa ugali. Nikamwuliza ametafuta wapi maandiko. "Mtandaoni, mwalimu. Nimemaliza bando la jero." Alikuwa amechapa "udaga", kisha "makopa", kisha "faida za muhogo". Simu ikamletea mapishi, tangazo la mashine ya kusaga na video ya mtu anayeuza dawa za nguvu za kiume. Akafunga simu, akaandika sentensi yetu.

Kumbe mkoa wake umeandikwa katika moja ya majarida yanayoheshimika sana duniani katika magonjwa ya ubongo na neva. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wilayani Tarime walipooza miguu ghafla. William Howlett na wenzake, akiwamo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Hans Rosling wa Sweden, waliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1990 makala yao ikatoka katika jarida la Brain. Ugonjwa unaitwa konzo. Jina ni la Kiyaka, lugha ya kusini-magharibi mwa Congo, na daktari Giovanni Trolli aliuandika huko tangu mwaka 1938. Unahusishwa na kula muhogo mchungu ambao sumu yake ya sayanidi haikuondolewa vya kutosha, hasa pale ambapo mlo hauna protini ya kutosha. Yaani zile siku anazozihesabu bibi wa Mara akiwa amefunika muhogo wake ndizo zilizowashughulisha madaktari wa neva.

Si hayo tu. Mwaka 1992 Banea wa Zaire ya wakati ule na wenzake walionyesha jinsi kinamama wa Bandundu walivyofupisha muda wa kuloweka muhogo kutoka siku tatu hadi moja baada ya barabara nzuri ya kwenda Kinshasa kuufanya muhogo kuwa bidhaa ya haraka. Makala hiyo ina barabara, soko, jikoni na hospitali kwa pamoja. Ndiyo taaluma ya chakula yenyewe! Binti yule alikuwa amekalia mada yenye historia ya zaidi ya nusu karne, naye akadhani ameianzisha yeye.

Kwa nini hakuifikia? Sababu ni tatu, na zote zinatibika.

Ya kwanza ni majina. Hifadhidata za kitaaluma zimepangwa kwa Kiingereza na kwa majina ya kisayansi ya Kilatini. Mwanafunzi anayejua "udaga" hafiki kokote mpaka mtu amwambie kwamba mlango unafunguka kwa "cassava", kwa Manihot esculenta, na kwa neno konzo ambalo hajawahi kulisikia. Hapo shida haiko kwenye Kiingereza chake. Amesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Shida ni kwamba jina la chakula analijua kwa lugha ya nyumbani, na hakuna aliyemfundisha kwamba chakula kinapoingia kwenye jarida kinabadilisha jina, kama mtu anayehamia mjini.

Chukueni dagaa. Mwanza ni dagaa, Kisumu ni omena, Uganda ni mukene, naye ni samaki yuleyule: Rastrineobola argentea. Nendeni Kigoma, dagaa ni samaki wengine kabisa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Burundi wanawaita ndagala, Zambia kapenta. Huyo Limnothrissa alichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1960 akapandikizwa Ziwa Kariba, kwa hiyo makala ya Zimbabwe kuhusu kapenta inamhusu ndugu wa dagaa wa Kigoma. Shukeni Unguja, dagaa wanaochemshwa, kuanikwa na kusafirishwa mpaka Congo ni samaki wa bahari wa jamii nyingine tena. Mwanafunzi wangu aliyeandika kuhusu dagaa wa mama lishe alinukuu viwango vya madini vya samaki wa Ziwa Victoria, ilhali mama lishe wake walikuwa wakipika wa Kigoma. Msimamizi hakugundua. Msimamizi nilikuwa mimi.

Mboga nazo ni hivyohivyo. Mgagani kwa Waluo ni dek, kwa Wakisii ni chinsaga, na kwa wataalamu wa mimea una majina mawili, Cleome gynandra na Gynandropsis gynandra, kwa sababu wametofautiana kuhusu ukoo wake. Anayetafuta kwa jina moja anapata sehemu tu ya maandiko na hajui kwamba nyingine imebaki nyuma. Dawa yake inafundishika kwa dakika kumi: andika majina yote, yaunganishe kwa neno la "AU" la Kiingereza ili wavu upanuke, kisha ongeza kwa "NA" kile unachokiulizia, iwe chuma, vitamini au soko. Mantiki hiyo ni ya George Boole, mwanahisabati wa karne ya 19, na kila hifadhidata kubwa inaielewa. Ongeza kinyota mwishoni mwa shina la neno, na "ferment" itakuletea kitendo, jina na sifa kwa mkupuo. Wanafunzi wetu wanaofika mwaka wa tatu bila kujua kinyota hicho wameishi katika nyumba wasiyojua swichi ya taa iko wapi.

Sababu ya pili ni kwamba chakula hakina kabati lake. Mwanafunzi wa sheria anajua aende wapi. Wa chakula anatangatanga, kwa kuwa mada yake imegawanywa kati ya idara zisizosalimiana. Mwaka huu kijana mmoja ameandika kuhusu sembe na dona: kwa nini familia za mjini zinapenda unga mweupe uliokobolewa, wakati dona ina virutubisho zaidi. Ametafuta kwenye PubMed peke yake, akapata virutubisho, akaridhika. Lakini historia ya mahindi kuwa chakula kikuu cha Afrika iko upande wa historia, ambako James McCann alichapisha kitabu kizima mwaka 2005. Jinsi soko la nafaka na uhaba wa chakula vilivyojengeka nchini mwetu tangu enzi ya Waingereza iko upande wa sayansi ya jamii, katika kitabu cha Deborah Bryceson cha mwaka 1990. Na sumukuvu, ambayo nchini Kenya mwaka 2004 iliwadhuru watu 317 waliokula mahindi yenye ukungu na kuwaua 125 kati yao, iko kwenye majarida ya afya ya mazingira. Sahani moja ya ugali, milango minne. Mkutubi anayejua hilo ni nusu ya msimamizi.

Tena kuna walioketi na watu wetu na kuandika jinsi wanavyokula, wakiwa wanaanthropolojia. Audrey Richards aliandika kuhusu ardhi, kazi na mlo wa Wabemba mwaka 1939. Pat Caplan alifika kisiwani Mafia miaka ya 1960 na akarudi tena na tena, na chakula kimo sana katika maandishi yake. Mwanafunzi wa lishe hafiki huko, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba swali la "kwa nini watu wanakula hivi" lina majarida yake, kama Food and Foodways na Gastronomica. Anabaki na gramu na kalori, na sura yake ya majadiliano inakuwa nyembamba kama uji wa hospitali.

Sababu ya tatu ni milango yenyewe, na hapa ndugu wakuu naomba mnisikilize kwa makini.

Mwanafunzi akipata jina la makala, mara nyingi anakutana na ukurasa unaomtaka alipe dola thelathini au arobaini asome kwa siku moja. Hizo ni fedha za chakula cha wiki kadhaa kwa mtu anayesubiri boom, pesa ya mkopo. Anarudi nyuma, anasoma ikisiri peke yake, na ndipo marejeo ya wanafunzi wetu yanapojaa makala ambazo hakuna aliyezisoma zaidi ya mistari kumi ya mwanzo. Lakini mlango huo, kwa vyuo vya nchi yetu, mara nyingi una ufunguo wa bure. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI kwa ajili ya majarida ya afya. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likaanzisha AGORA kwa kilimo, chakula na lishe. Mipango hiyo na ndugu zake leo iko chini ya mwavuli wa Research4Life, na taasisi za nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, zinaingia bila malipo. Sharti ni moja: anayesajiliwa ni taasisi. Mwanafunzi hawezi kujisajili, wala mimi mwalimu siwezi. Ni chuo.

Nimewahi kufundisha katika chuo ambacho kwa miaka miwili niliwaambia wanafunzi kwamba hatuna uwezo wa kupata makala hizo. Siku moja mkutubi mpya, akitafuta pini za stepla, akafungua droo ya chini ya meza aliyoachiwa na mwenzake aliyehamishwa. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye jina la mtumiaji na neno la siri la AGORA, na tarehe ya miaka mitano nyuma. Chuo kilikuwa kimesajiliwa muda wote huo. Hatukuwa maskini wa makala. Tulikuwa maskini wa makabidhiano. Sitaji chuo hicho, kwa sababu nina hakika si peke yake. Jiulizeni wenyewe, kabla hamjaendelea kusoma: neno la siri la chuo chenu linajulikana na nani? Akistaafu kesho, litabaki wapi?

Kuna pia majina mengine ambayo wanafunzi wanapaswa kuyajua kabla hawajajua njia ya kwenda steshenari kudurufu madesa. AGRIS, hifadhidata ya FAO, iko wazi tangu zamani. AJOL inakusanya majarida ya Kiafrika tangu mwaka 1998. DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, inaorodhesha majarida yasiyodai malipo kwa msomaji. Na kwetu hapa Afrika Mashariki tuna jarida la AJFAND, lililoanzishwa mwaka 2001 na Profesa Ruth Oniang'o wa Kenya, la chakula, kilimo, lishe na maendeleo, ambalo yeyote anaweza kulisoma bure. Mwaka 2017 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Chakula Afrika. Nimekutana na wanafunzi wa lishe waliomaliza shahada bila kulisikia jarida lake hata mara moja. Vyuo vikuu vyetu vimejiunga katika COTUL, kama Wakenya walivyo na KLISC, ili kununua majarida kwa pamoja. Hongereni kwa hilo. Lakini kununua bila kufundisha ni kama kuwaletea wageni pilau kisha ukasahau kuwaita mezani.

Lipo pia kabati ambalo halihitaji intaneti. Katika maktaba nyingi za vyuo vyetu kuna rafu ya tasnifu zenye majalada magumu, zimepangwa kwa mwaka, na funguo za chumba hicho anazo mtu mmoja. Humo mna utafiti wa chakula chetu ambao haujawahi kutoka nje ya jengo: uji wa kimea wa Iringa, maziwa ya mgando ya Wamaasai, soko la ndizi la Rungwe. Mwanafunzi wa mwaka huu anarudia kazi ya mwanafunzi wa miaka kumi na tano iliyopita, jina kwa jina, wala hakuna anayejua. Maktaba ya taifa ya kilimo iko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na hazina yake ni kubwa. Vyuo vidogo navyo vina hazina. Ichanganueni, mweke ikisiri mtandaoni, hata kama tasnifu nzima itasubiri. Na jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililotayarishwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, liwekwe kaunta ambapo kila mwanafunzi atalikuta, maana kila siku nakuta wanafunzi wanatumia jedwali la Marekani kupima ugali wa Singida.

Niseme jambo moja kuhusu hatari, kwa sababu mwenye njaa ya makala hupewa pia chakula kibovu. Mwanafunzi anayegonga mlango uliofungwa huangukia ule uliofunguliwa na tapeli. Yapo majarida yanayochapisha chochote kwa malipo bila kupitiwa na mtaalamu yeyote, yakiwa na majina yanayofanana sana na ya majarida halali. Mkutubi wa Marekani, Jeffrey Beall, aliandika orodha ya wachapishaji wa aina hiyo mpaka Januari 2017 alipoiondoa. Wanafunzi wangu wanayanukuu kwa wingi, kwa kuwa hayadai pesa kwa msomaji. Hawayatofautishi na majarida huria ya kweli, nami nawaelewa: yote yamefunguka kwenye simu. Anayeweza kuwaonyesha tofauti, kwa kukaa nao na kufungua kurasa za bodi ya wahariri na kuuliza nani amepitia makala hii, ni mkutubi. Google Scholar, pamoja na faida zake zote, inaweka mbivu na mbichi kwenye tenga moja.

Nisiwalaumu ninyi peke yenu. Nasi walimu tuna kosa letu, na naliungama hapa hadharani. Tumejiwekea kanuni kwamba rejea ziwe za miaka mitano iliyopita, au kumi kwa huruma. Kanuni hiyo inafaa kwa dawa mpya. Kwa chakula ni balaa. Ndiyo iliyoifuta makala ya konzo ya mwaka 1990 katika marejeo ya binti wa Mara hata baada ya kuipata, mpaka nilipoingilia kati. Ndiyo iliyomfanya mwanafunzi wa togwa asiguse kazi za Wilbald Lorri na Ulf Svanberg za miaka ya 1990 zilizoonyesha kwamba watoto waliokula uji uliochachushwa waliharisha kwa uchache zaidi, ingawa Lorri mwenyewe baadaye aliiongoza Taasisi ya Chakula na Lishe. Kanuni inamlazimisha mwanafunzi kusema "tafiti chache", na sisi ndio tulioificha rafu. Natoa wito kwa walimu wenzangu: ulizeni kama rejea inafaa, mwache kuuliza imezaliwa lini.

Sasa maombi yangu. Ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, wakuu wa vyuo, mhakikishe usajili wa chuo chenu AGORA na HINARI uko hai, na neno la siri liwe mali ya ofisi, likabidhiwe kwa maandishi kila mkutubi anapobadilika. Wanafunzi walipate kwa utaratibu unaofuata masharti ya mpango, na walimu wao pia, maana wengi wetu hatunalo. Mpangeni njia ya kuingia hata mtu akiwa nyumbani kwao likizoni, si akiwa ndani ya geti la chuo tu.

Pili, ndugu wakutubi, mtupe saa mbili kila mwanzo wa muhula. Msiwafundishe wanafunzi wote kwa pamoja ukumbini kwa slaidi zilezile. Waiteni kwa mada. Kundi la dagaa lije na majina yote ya dagaa. Kundi la mboga lije na majina ya Kilatini. Waondoke wakiwa wamepata makala mbili kila mmoja, kamili, si ikisiri.

Tatu, tujenge pamoja kamusi ndogo ya majina ya vyakula vyetu kwa ajili ya utafutaji: jina la Kiswahili, majina ya kienyeji, Kiingereza na la kisayansi. FAO ina faharasa ya maneno ya kilimo inayoitwa AGROVOC, katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo miongoni mwake. Tuanzie hapo, tuongeze udaga, makopa, mlenda, mgagani, ukwaju, togwa na mengine ambayo wanafunzi wetu wanaondoka nayo nyumbani. Kila mwaka wanafunzi wa idara yangu wanaweza kuongeza maneno, na sisi tutayahakiki. Hakuna mtu mwingine duniani atakayetufanyia kazi hiyo kwa usahihi.

Nne, kila pendekezo la utafiti liambatane na ukurasa mmoja unaosema: nilitafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe gani, nikapata nini. Usainiwe na mkutubi. Mwanafunzi akishauandika ukurasa huo, na bado akasema tafiti ni chache, nitamwamini. Asipouandika, sentensi yake nitaikata kwa kalamu nyekundu.

Binti wa Mara alimaliza. Tulisoma makala ya Howlett pamoja, aya kwa aya, yeye akiwa na kamusi na mimi nikiwa na chai. Aliporudi kutoka likizo alikuwa na maswali mapya ya kumuuliza bibi yake, ambayo hangeyafikiria bila makala ile: ni siku ngapi za kufunika wakati wa masika na ngapi wakati wa kiangazi, na mwaka wa njaa, watoto wakiwa wanalia, nani aliyeamua kwamba muhogo umeiva? Pendekezo lake jipya halikuwa na sentensi ya "tafiti chache". Lilikuwa na majina ya waliotangulia, na baada yao swali dogo la kijiji kimoja, la leo, alilojua kwa hakika kwamba bado halijajibiwa humo alimotafuta. Hilo ndilo pengo. Nililipitisha siku hiyohiyo.

Muhula mpya unafunguliwa hivi karibuni. Jumatatu ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, nitakuja maktaba ya chuo changu na darasa zima, kila mwanafunzi akiwa na jina la chakula kimoja cha kwao kwenye karatasi. Namwomba mkutubi wetu aandae viti na waya wa kuchajia simu, na awe ameshajua neno la siri liko wapi. Na wakuu wa vyuo vingine, mkiona walimu wenu wakiongoza wanafunzi kuelekea maktaba wakiwa na vikaratasi mkononi, tafadhali msiwaulize wanaandamana kwa ajili ya nini.

Wenu katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu wa mbinu za utafiti, idara ya chakula na lishe